Saa Tatu Nilizozisahau Kwenye Logi

Ninyi mnaoanza kazi za kompyuta katika hospitali na ofisi za huku kwetu mmekuwa mkinitumia ujumbe: "Shikamoo mama, hivi logi zinasomwaje?" Marahaba, wanangu. Nimekuwa nikiwajibu kwa vipande vipande, kwa sababu mchana huwa niko kwenye migomba na simu naiacha ndani. Leo mvua imeshika Ngara tangu asubuhi, maharage yameshaingia ndani, chai ipo, nami nimekaa mezani na daftari. Nitawaandikia kwa kirefu. Mwenye haraka aruke kurasa. Mimi haraka yangu niliikabidhi pamoja na funguo za ofisi.

Jina langu ni Leokadia, Mhangaza, mzaliwa wa hapa hapa Ngara. Kazi nilifanya Biharamulo, katika hospitali moja ya misheni ambayo jina lake nitaliacha. Madereva wa gari la wagonjwa waliniita Mama Logi kwa utani, na utani ukakua mpaka padri akaniita hivyo mbele ya watu akitangaza zamu za kufagia kanisa. Msidhani nilisomea kompyuta. Niliajiriwa masjala, kutunza majalada ya wagonjwa, na nilikuwa hodari: ukinitajia jina na kijiji, nilikuwa nakwenda moja kwa moja kwenye rafu bila kuwasha taa. Kompyuta zilipokuja, wakasema masjala inafungwa. Nikasema basi na mimi nitahamia ndani ya kompyuta. Watu walicheka. Nikahamia kweli.

Kwanza tuelewane logi ni nini. Kila kompyuta ina tabia ya kuandika yale inayotendewa. Mtu akiingia kwa jina lake na neno lake la siri, inaandika mstari. Akikosea neno la siri, mstari. Akifungua jalada la mgonjwa, akibadilisha kitu, akitoka, mistari mingine. Kila mstari una saa, jina la mtumiaji, jina la kompyuta na namba ya tukio. Namba mbili mtazishika mapema: 4624 ni mtu aliyeingia, 4625 ni mtu aliyejaribu akakataliwa. Mistari ya siku moja tu inaweza kukujazia chumba kama mtama uliomwagika sakafuni. Huwezi kuisoma yote. Unaiuliza.

Lugha ya kuiulizia ina maneno machache ya Kiingereza, na kila hatua unaitenga na nyingine kwa kijistari cha wima. Kila kijistari ni chekeche. Unataja rundo lako, kisha kijistari: nipe ya jana tu. Kijistari: nipe ya wodi ya wazazi tu. Kijistari: nipe 4625 tu. Kijistari: hesabu kwa kila jina. Kinachobaki baada ya chekeche la mwisho ndicho jibu lako. Aliyewahi kupepeta mtama ameshaelewa nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua unauliza nini hasa, na hiyo mimi ilinichukua miaka.

Aliyenifundisha ni Deogratias, fundi aliyetokea Shinyanga, mtu mrefu mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimisha unyamaze ndipo umsikie. Alikuwa mdogo wangu kwa zaidi ya miaka kumi. Yeye aliniita dada, mimi nikamwita mwalimu, na hakuna aliyeona ajabu. Kabla yake nilikuwa nazunguka na daftari: nafungua kumbukumbu za kompyuta hii, nanakili kwa kalamu, nahamia ya pili. Siku nzima inaisha kwa swali moja. Deo akaziunganisha zote zikawa zinatuma logi zake kwenye seva moja, kompyuta kubwa inayohudumia nyingine zote, ofisini kwangu. Siku aliponionyesha majibu ya wodi zote kwa pamoja, nilimwambia aache mzaha.

Wiki ya kwanza aliniacha peke yangu akaenda Nyantakara kutengeneza kompyuta ya zahanati. Alinionya jambo moja tu: "Dada, usiulize bila kuweka muda." Mimi nikaona muda nitauweka baadaye, ngoja nione kwanza kilichomo. Nikaomba kila tukio, la kila kompyuta, tangu seva ilipowashwa mara ya kwanza. Nikabonyeza. Skrini ikaganda. Baada ya dakika chache mapokezi nao wakasimama, kwa maana siku zile seva ile ile ndiyo iliyobeba mfumo wa wagonjwa. Foleni ikarefuka mpaka kwenye bomba la maji. Mzee mmoja wa Kisukuma, aliyekuwa amemleta mke wake, akachungulia ofisini kwangu kwa upole.

"Mama, hicho kidude kinafanya nini?"

"Kinafikiri, baba."

"Kinafikiri nini muda wote huo?"

Nikampigia Deo. Akaniuliza neno moja tu, "Muda?" Nikamwambia sikuweka. Akasema, "Likatishe hilo swali, dada. Anza na saa moja ya nyuma. Usipoona kitu, ongeza kidogo kidogo." Tangu siku hiyo sijawahi kuuliza swali bila kuanza na muda, na ninyi msithubutu. Tena kabla ya kuomba majibu yote, ombeni mistari kumi tu muione sura yake. Mistari kumi haijawahi kugandisha mtu.

Deo alikuwa na jambo jingine alilolisisitiza, nalo ni kutembea. Asubuhi moja niliona 4625 zinamiminika kutoka kompyuta ya chumba cha dawa. Mtu anajaribu kuingia, anakataliwa, anajaribu tena, bila hata kupumua. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba wezi wa mtandao ndivyo wanavyofanya. Nikasimama mlangoni nikatangaza, kwa sauti ambayo hata wagonjwa wa nje waliisikia, kwamba tumevamiwa. Katibu wa hospitali akaja mbio. Mlinzi akafunga geti. Deo yeye akaendelea kumenya karanga.

"Umekwenda kuangalia?" akaniuliza.

"Kuangalia nini? Si ninaona hapa?"

"Ni hatua arobaini kutoka hapa, dada."

Nikaenda. Chumbani hapakuwa na mtu. Palikuwa na daftari kubwa la dawa, limewekwa juu ya kibodi, kona yake imelalia kitufe cha kuingia. Nikaliinua. Uvamizi ukaisha. Mlinzi alinitania kwa hilo mpaka alipohama. Logi inakuambia kilichotokea ndani ya kompyuta. Kilichotokea chumbani inabidi miguu yako ikuambie.

Sasa nije kwenye kosa ambalo siku nyingine bado nalifikiria nikiwa napalilia. Lilitokea mwaka wangu wa mwisho kazini. Deo alikuwa ameshahamia Mwanza, na wiki mbili kabla tulikuwa tumefungiwa seva mpya, nzuri, yenye kasi. Ukiuliza, jibu liko mbele yako hata kabla hujarudisha mkono. Nilifurahi kama mtu aliyenunuliwa baiskeli.

Katika wodi ya wazazi walikuwa wamelazwa kina mama wawili. Mmoja ni Maria Kabula wa Nyantakara, Msukuma, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe zao. Mwingine ni Maria Kabura wa Nyarubungo, wa familia iliyotoka Burundi zamani ikalima hapo mpaka wajukuu. Siku ya Jumatano daktari aliagiza Kabura aongezewe damu. Jalada lake kwenye kompyuta lilisema kundi B. Mtaalamu wetu wa maabara, mtu asiyeiamini kompyuta wala aliyeitengeneza, akampima tena kabla ya kutoa mfuko wa damu. Akakuta kundi O.

Damu ya B haikutoka maabara. Yule mama alipewa iliyo sahihi na siku chache baadaye alirudi nyumbani na mtoto wake. Lakini hospitali nzima ilishikwa na hofu, kwa sababu jalada lake lilisema O siku alipolazwa. Kuna mtu aliligeuza, na kama si ubishi wa mtu wa maabara tungemzika mama.

Alhamisi asubuhi katibu wa hospitali aliniita. Alikuwa mtu mwema, ila akiogopa anakuwa mkali.

"Mama Leokadia, nataka jina. Kabla ya saa nane mchana."

Nikakaa kwenye seva yangu mpya. Muda: tangu Jumatatu. Kijistari: jalada la Maria Kabura. Kijistari: mabadiliko tu. Ukabaki mstari mmoja. Mtumiaji: Ferista. Kompyuta: ya wodi ya wazazi. Jumanne, 05:12. Nikausoma kama tunavyosoma sote: saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, alfajiri. Ferista alikuwa muuguzi mpya, bado yuko kwenye miezi ya majaribio, na usiku ule wa kuamkia Jumanne alikuwa zamu, akatoka saa moja na nusu asubuhi. Kila kitu kikakaa mahali pake. Nikachapa karatasi moja yenye mstari huo na mistari ya kuingia kwake, nikaisaini, nikaipeleka. Sikumaliza hata saa moja. Nilijiona fundi.

Kikao kilikuwa mchana huo huo ofisini kwa mganga mfawidhi. Tulikuwa watano: mganga mfawidhi mwenyewe, katibu, Mama Anjelina aliyekuwa muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi, mimi, na Ferista. Binti mwembamba, sare nyeupe imepigwa pasi vizuri, saa ya wauguzi imebanwa kifuani.

"Ferista," mganga akaanza, "Jumanne saa kumi na moja alfajiri ulikuwa wapi?"

"Wodini, daktari."

"Uligusa jalada la Maria Kabura?"

"Sikuligusa. Mama alikuwa amelala, sikuwa na cha kumwandikia."

Katibu akainua karatasi yangu. "Kompyuta inasema uligusa."

Ferista akaomba aione. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. "Hapa panasema Jumatatu niliingia kwenye kompyuta saa kumi na dakika arobaini jioni. Saa kumi jioni mimi sikuwa hata nimefika. Nilikuwa njiani natoka nyumbani, Nyarubungo. Zamu yangu inaanza saa moja na nusu usiku."

"Basi siku hiyo uliwahi," katibu akasema.

"Sikuwahi, baba."

Mganga akanigeukia. "Mama Leokadia, hiki kitu kinaweza kukosea?"

Nikajibu, "Kompyuta inaandika kile kinachotokea, daktari."

Sentensi hiyo ni ya kweli, na ndiyo ninayoijutia kuliko uongo wowote niliowahi kusema. Ferista alinitazama. Hakulia. Alibandua ile saa kifuani kwake, akaiweka kwenye mfuko wa sare, akapokea barua ya kusimamishwa kazi kwa mikono miwili kama tunavyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa, akatoka. Mama Anjelina akasema kwa huzuni, "Alikuwa mfanyakazi mzuri." Tukatawanyika.

Ijumaa niliingia ofisini, nikakaa, na maneno ya Ferista yakawa hayatoki kichwani. Saa kumi jioni njiani. Mtu anayetunga uongo angetunga kuhusu alfajiri, ambayo ndiyo iliyomletea mashtaka. Kwa nini ajisumbue na saa ya kuingia, ambayo haina kosa?

Hapo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeruka hatua ambayo Deo alinifundisha mapema kabisa. Alikuwa akisema, "Kabla hujamtafuta mtu kwenye logi, dada, tafuta kwanza jambo ambalo wewe mwenyewe ulikuwepo. Uone kama logi na wewe mnakubaliana." Kwa seva ya zamani nilikuwa nimelifanya mara nyingi mpaka nikaliona la watoto. Kwa seva mpya sikulifanya hata mara moja.

Nikajitafuta. Jumanne, mtumiaji Leokadia, tukio 4624. Mimi nilikuwa nawasha kompyuta saa mbili kamili asubuhi, siku zote, hata ndege wa pale walikuwa wanajua. Jibu likaja: 05:01.

Saa kumi na moja alfajiri siku ya Jumanne mimi nilikuwa kitandani, nimejifunika shuka mpaka kichwani.

Nikalisoma tena. Wanangu, seva ile mpya haikuwa imekosea. Ilikuwa inaandika kwa saa ya dunia, ile ambayo mitambo ya nchi zote hukubaliana, nayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Seva ya zamani ilikuwa inatugeuzia yenyewe kimya kimya. Mpya haigeuzi mpaka uiambie ndani ya swali lako. Na juu ya hapo sisi Waswahili wa shuleni na sokoni tunahesabu saa kuanzia asubuhi kunapokucha. Kwa hiyo pale mezani nilikuwa na saa za aina tatu, ya seva, ya ukutani na ya mdomoni, na nilizichanganya zote kwenye karatasi moja nikaweka saini yangu chini.

Nikaongeza tatu kwenye 05:12. Ikawa 08:12, yaani saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo Ferista alikuwa ameshaondoka. Nikaongeza tatu kwenye ile saa ya kuingia kwake Jumatatu. Ikawa saa moja na dakika arobaini usiku, dakika kumi baada ya zamu yake kuanza, kama alivyosema. Nikatafuta mstari wa yeye kutoka kwenye kompyuta. Haupo. Alikabidhi zamu akaenda zake, kompyuta ameiacha wazi kwa jina lake. Hilo ni kosa, lakini si lile alilosimamishiwa kazi. Kuna mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti kile.

Nani? Logi haikuweza kuniambia, kwa sababu yenyewe ilimwona Ferista tu. Nikaenda wodini kwa miguu, nikaomba daftari la makabidhiano, lile la karatasi. Ukurasa wa Jumanne, kwa kalamu ya bluu: "Saa 2:10 asubuhi. Majibu ya damu ya Maria Kabula yamefika, kundi B. Yameingizwa kwenye kompyuta." Mwandiko niliujua. Ulikuwa wa Mama Anjelina, na mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yangu anapanga shuka.

"Anjelina," nikamwambia polepole, "haya majibu uliyaingizaje?"

Akainama akasoma. "Nilikuta kompyuta iko wazi. Nikakaa, nikatafuta jina, nikaandika Maria Kabu..."

Anjelina ni Mzinza, na kama wengi wetu huku, l na r mdomoni mwake hupeana nafasi zitakavyo. Mimi mwenyewe nikiwa na hasira ndiyo siwezi kabisa. Akalirudia jina lile kwa sauti ndogo, mara mbili, na mara zote mbili likatoka Kabura. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na mgonjwa, shuka bado ziko mapajani.

"Leokadia. Ni mimi."

"Ni wewe na mimi," nikasema. "Wewe uliandika kwenye jalada ambalo silo. Mimi nimeandika jina ambalo silo. Twende wote."

Nitasema kwa heshima yake kwamba hakuuliza hata mara moja kama kuna njia nyingine. Aliziweka shuka, akavua aproni, tukatoka. Tulipofika kwa mganga mfawidhi, alizungumza kabla sijafungua mdomo, amesimama wima, akaeleza yote. Kisha nikaeleza yangu. Katibu alikuwepo, akashika karatasi yangu ya jana kama inamwunguza.

"Kwa hiyo hii uliyosaini..."

"Si sahihi. Saa zake ni za seva, si za hapa. Nilitakiwa kuongeza tatu, sikuongeza."

"Ferista alituambia," mganga akasema, nusu akijiambia mwenyewe. "Alituambia pale pale kwenye kiti, kwamba saa haziendi. Wote wanne tulimsikia."

Katibu akauliza kama niko tayari kuyaandika hayo. Nikampa karatasi, nilikuwa nimeshayaandika nikiwa bado ofisini. Barua ya kumsimamisha Ferista ikafutwa siku hiyo. Mama Anjelina alipewa onyo, akalipokea bila kulalamika, na mimi nikapewa langu, la kwanza katika miaka yote ya kazi. Nililiweka kwenye faili pamoja na vyeti vyangu. Lipo mpaka leo.

Wiki iliyofuata tulibadilisha mambo. Kompyuta za wodi zikawa zinajifunga zenyewe zikikaa dakika chache bila kuguswa. Mgonjwa akawa anatafutwa kwa namba ya jalada na kijiji chake, si kwa jina peke yake. Na kila swali langu kwenye logi likawa na mstari wa kugeuza saa, na kila ripoti ikawa imeandikwa juu kabisa: hizi ni saa za Tanzania. Ninyi andikeni hivyo hata kama anayesoma atawacheka.

Lakini kabla ya wiki hiyo kulikuwa na Jumamosi. Ningeweza kumpigia Ferista simu. Niliona simu haitoshi. Nikachukua pikipiki mpaka Nyarubungo, nimeweka nakala ya barua ya kumrudisha kazini kwenye mfuko wa nailoni kifuani kwa sababu ya vumbi. Nikamkuta uani anamenya mihogo na mama yake. Sare yake ilikuwa kwenye kamba, nyeupe, imefuliwa. Baba yake, mzee Zakaria, alikuwa ameketi kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Nilimwamkia kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu." Hakuuliza mimi ni nani. Nadhani alijua.

Ferista alisimama akaniamkia, sauti imekauka. Nikapewa kiti. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, yote yakapotea, nikabaki na machache. "Ferista, nilikosea. Si kompyuta. Ni mimi niliyeisoma vibaya. Ulisema kweli kuhusu ile saa kumi, na mimi ndiye niliyepaswa kukusikia kuliko wote mle ndani. Naomba unisamehe." Nikampa barua.

Aliifuta mikono, akaisoma kimya. Halafu akaanza upya, kwa sauti, anageuza kila sentensi kwa Kirundi ili baba yake, ambaye Kiswahili cha barua kilimshinda, aelewe. Alipofika pale palipoandikwa kwamba hakuwa wodini kosa lilipotendeka, mzee aliacha kuchonga. Alipomaliza, mzee akanyoosha mkono akaichukua barua ile, ingawa kusoma hajui, akaikunja kwa uangalifu akaiingiza kwenye mfuko wa koti.

"Urakoze," akaniambia. Asante. Kisha kwa Kiswahili: "Siku mbili hizi ameosha hiyo nguo mara tatu. Sasa atavaa."

Wakanikatalia kuondoka bila kula. Nikala mihogo na maharage, tukaongea habari za mvua na mbegu, na polepole nikaanza kuisikia sauti ya Ferista ikirudi. Jua lilipokuwa bado juu akanisindikiza mpaka barabarani kutafuta pikipiki. Halafu akauliza:

"Mama, pale hospitali kuna mtu mwingine anayejua kusoma hizo logi?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ungenyamaza..."

"Nilifikiria kunyamaza," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema, hakunilazimisha. "Nilikuwa nimebakiza miezi minane nistaafu. Nilifikiria kweli."

Akasimama. "Ulifikiria kwa muda gani?"

"Tangu nilipoiona ile saa mpaka chai yangu ilipoisha."

Ferista aliangalia barabara, huku na kule, kama anayetafuta pikipiki. "Kikombe kikubwa au kidogo?"

"Kikubwa."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, nami nikacheka, machozi yakanitoka, na mwenye pikipiki aliyesimama mbele yetu akawa anatutazama tu, hajui ashuke au asubiri. Ferista alipatana naye nauli kwa niaba yangu, akahakikisha nimekaa vizuri, akanifungia mfuko wa mihogo nyuma kwa mpira.

"Barua inasema nirudi Jumatatu, zamu ya asubuhi, mama?"

"Ya asubuhi," nikasema.

"Nitakuwepo."